Umefua blanketi ya farasi isiyopitisha maji na sasa inapitisha? Tafuta kwanza ni wapi imekufa

Mwezi wa saba, Limuru, saa kumi na moja alfajiri, ukungu umeshuka mpaka huoni mlango wa zizi la pili. Naingiza mkono chini ya blanketi ya farasi mmoja jike mzee tunayemtunza nakuta mgongo wote umelowa chapachapa, naye anatetemeka. Na hiyo blanketi nilikuwa nimeifua wiki mbili tu nyuma, nikajisifu kweli kweli vile ilitoka safi, inanukia kama shuka ya hoteli. Kumbe ndio nilikuwa nimeiua.

Nilichofanya ni kile kila mtu anafanya na zulia, niliipeleka kwa vijana wa kuosha magari pale barabarani, wakaitandika kwenye saruji, sabuni ya unga nusu pakiti, brashi ya fagio, halafu mashine ya presha mdomo umekaribia kitambaa kama inchi mbili, maji meusi yakatoka mpaka yakawa meupe nikafurahi, nikalipa, nikaondoka. Sina lawama na wale vijana, walifanya vile nilivyowaambia. Tangu hapo nimefua blanketi nyingi, zetu na za majirani, na zingine zimeletwa kwangu zikiwa zishaharibika, kwa hivyo naandika hapa dalili moja moja na kinachosababisha. Masaisi wenzangu, yaani watunza farasi, mtanirekebisha.

Lakini huwezi kutafuta kosa kama hujui kitu chenyewe kimejengwaje. Nje kuna kitambaa kigumu cha poliesta ama nailoni, kwenye lebo utaona 600D, 1200D, 1680D, hiyo D ni denia, yaani uzito kwa gramu wa mita 9,000 za uzi wake, namba ikipanda uzi ni mnene zaidi na kitambaa kinavumilia seng'enge na meno ya farasi jirani. Mvua ni habari nyingine. Juu ya hicho kitambaa kiwandani wamepaka dawa ya kufukuza maji, ndiyo inafanya tone libingirike kama liko kwenye jani la nduma. Halafu upande wa ndani wa kitambaa hichohicho, pale huoni kwa sababu bitana imefunika, kuna utando mwembamba wa poliuretani, na huo ndio ukuta wenyewe wa kuzuia maji. Chini yake pamba ya poliesta, gramu 100 au 200 au 300 kwa kila mita mraba, blanketi nyepesi haina pamba kabisa. Mwisho ni bitana inayogusa farasi.

Sasa watu wanachanganya ile dawa ya nje na utando wa ndani, hapo ndio pesa inapotelea. Mtu dawa yake ya nje imeisha anadhani blanketi imekufa anaitupa, mwingine utando umebambuka wote anaendelea kununua chupa za dawa ya kupulizia kila msimu na farasi bado analowa.

Kikombe cha maji kabla ya kitu kingine chochote

Chukua blanketi ikiwa kavu, itandike mezani ama juu ya boneti ya pikapu, nje ikiangalia juu, ibonyeze katikati iwe na kishimo, mwaga nusu kikombe cha maji hapo, ngoja dakika kumi, halafu pitisha mkono chini kwenye bitana.

Maji yamekaa vidonge vidonge na ukiinua kona yanateleza yote, basi blanketi yako ni nzima, tatizo liko kwingine, ruka mpaka pale nazungumzia jasho. Maji yametanda, kitambaa kimekuwa cheusi kinakunywa, lakini chini ni kukavu, hapo dawa ya nje ndiyo imeisha na utando uko sawa, hii inatibika. Na kama chini kumelowa, utando una shida, iwe mahali pamoja au kote. Rudia mahali kama patano hivi, sana sana mgongoni na juu ya mabega maana hapo ndio mvua inapiga siku nzima, ubavuni unaweza kukuta ni kama mpya.

Kitambaa kinakunywa maji lakini ndani kukavu

Mara nyingi ni sabuni. Sabuni za unga za siku hizi ni ditajenti, kazi yake ni kushika mafuta kwa mkono mmoja na maji kwa mkono mwingine, na ikibaki kwenye kitambaa haijui kwamba umemaliza kufua, inaendelea kuyakaribisha maji ndani. Dawa ya kulainisha nguo, ile ya harufu ya maua, ni mbaya zaidi maana imetengenezwa makusudi ibaki kwenye nyuzi. Na uchafu wenyewe pia, jasho la farasi linachanganyika na mafuta ya ngozi yake, vumbi likishikana nalo linafanya ngozi juu ya kitambaa na maji yanapata pa kushika. Dawa za zamani zilikuwa na florini zikikataa maji na mafuta yote, siku hizi kampuni nyingi zinaiacha kwa sababu ya mazingira, na hizi mpya zinakataa maji vizuri tu ila mafuta yanazishinda, kwa hivyo blanketi mpya inataka kupigwa brashi mara nyingi kuliko ile ya zamani.

Tiba usianzie dukani. Anza kwa kusuuza. Maji baridi, hosipaipu bila presha, nje na ndani, mpaka ukikamua kona mkononi hutoki na povu hata kidogo. Ikaushe kabisa, rudia kikombe. Nimeona blanketi tatu ama nne hivi zikirudi zenyewe kwa suuza tu, mwenyewe alikuwa tayari anataka kuagiza ingine.

Isiporudi ndio unatafuta dawa ya kurudishia. Mimi napendelea ile ya kupaka nje kwa sponji au kupulizia, kuliko ile ya kuloweka, kwa sababu ukiloweka inaingia mpaka kwenye pamba na bitana, na bitana unataka inyonye jasho, si ilikatae. Nikwax ya Uingereza wana dawa za blanketi za farasi hasa, ya kuoshea na ya kurudishia, wenye farasi wengi hapa huletewa na mtu anayesafiri. Hizi za maji hupakwa kitambaa kikiwa kisafi na bado kibichi, soma chupa yako. Kupaka juu ya uchafu ni kuuhifadhi uchafu.

Kuna mzee aliniambia nipake nta ya mshumaa iliyochanganywa na mafuta ya taa. Kwa turubai ya pamba ana hoja, huko nyuma ndivyo zilivyokuwa zinatibiwa, lakini kwa nailoni inakaa mabaka mabaka, inanuka, na unamvika farasi kitu cha kuwaka moto ndani ya zizi lenye nyasi kavu. Hapana.

Maji yanapita mpaka ndani

Swali ni wapi. Ita mtu, shikeni pembe nne kama mnabeba mgonjwa, nje ikiangalia juu, mwaga ndoo ya maji katikati halafu mmoja aingie chini aangalie tone la kwanza linatokea wapi. Kuwa mwangalifu na zenye pamba nene, maji yanaweza kuingilia kwenye mshono wa mgongo yakatembea ndani ya pamba yakatokea ubavuni, kwa hivyo papasa kuelekea juu kutoka pale tone lilipotokea.

Likitokea kwenye mstari, ni mshono. Kila tundu la sindano ni tundu, kiwandani huwa wameziba kwa utepe ama gundi na hiyo ndiyo hufa mapema, tena mashine ya presha inaibandua upesi sana. Sehemu zinazosumbua ni pale mikanda ya tumbo imeshonewa, kifuani kwenye bizimu, na mshono wa uti wa mgongo kama blanketi yako inao, ndio maana zile nzuri zimekatwa bila mshono mgongoni. Gundi ya mishono ya mahema inafanya kazi vizuri, pitisha kwa brashi ndogo upande wa nje, kitambaa kikiwa kisafi na kikavu, acha usiku kucha.

Likitokea mahali pamoja tu, tafuta tundu. Seng'enge, msumari, meno. Viraka vya pancha ya baiskeli nimejaribu, havishiki nailoni, vinabanduka siku farasi atakapojiviringisha. Peleka kwa fundi anayeshona turubai za malori, hao wana cherehani nzito na uzi wa nailoni, mwambie aweke kiraka kikubwa kuliko tundu halafu wewe ukirudi nyumbani uzibe mishono yake mipya, maana naye ametoboa. Na umpelekee ikiwa imefuliwa, mafundi wanakataa zenye mavi na wana haki.

Likitokea kila mahali kama chujio, soma inayofuata.

Ndani kunabambuka, kunanata, au kuna unga mweupe

Huu ndio msiba wenyewe. Utando wa poliuretani umeachana na kitambaa. Sababu kubwa mbili. Ya kwanza ni moto: maji ya moto, mashine ya kukaushia, kuanika juu ya jiko au heta. Lebo nyingi zinasema nyuzi joto 30, zingine 40, na si mapendekezo. Ya pili inakuja polepole, unyevu na joto kwa pamoja huvunja poliuretani yenyewe, kwa hivyo blanketi iliyokunjwa ikiwa mbichi ikawekwa ndani ya mfuko wa plastiki kwenye stoo ya mabati kwa miezi minane itakufa bila kuvaliwa. Ukiifungua utajua kabla hujaiona, inanata kama peremende iliyoachwa mfukoni na ina harufu ya mtoto mchanga akicheua maziwa. Za mitumba ziangalie hapo, pindua, nusa, bonyeza kitambaa kwa vidole viwili ukisugua, ukisikia vitu vinasagika ndani kama karatasi usinunue hata kwa bei ya kutupa.

Hakuna dawa. Hakuna ya kupaka, hakuna ya kupulizia, mtu akikuuzia anakuuzia maji. Ile yangu ya kwanza sasa inafunika nyasi kwenye mkokoteni na kazi hiyo inaiweza.

Mgongo umelowa na mvua haijanyesha

Kabla ya kulaumu blanketi, weka mkono pale zinapoishia singa za shingo, juu ya mabega. Moto na unyevu? Hilo ni jasho. Mvua iliyovuja huacha alama mahali, mstari wa mshono au duara la tundu, na ngozi hapo ni ya baridi. Jasho hulowesha kote kote, nyuma ya viwiko, kifuani, chini ya blanketi kabisa ambako mvua haifiki. Na kama ni mabega tu yamelowa na shingo pale mbele, angalia kipimo, blanketi kubwa inarudi nyuma inaacha mdomo wazi mbele na maji yanaingia kama kwenye mfereji.

Sababu ya jasho saa ingine ni kufua pia. Utando wa hizi blanketi una namna ya kupitisha mvuke wa mwili, hiyo namba ya gramu 3,000 kwa mita mraba kwa saa 24 unayoona kwenye lebo ndiyo hiyo, na matundu yakizibwa na mafuta, vumbi na mabaki ya sabuni, mvuke hautoki. Ila mara nyingi, tuseme ukweli, ni sisi. Mwenye farasi anasikia baridi yeye, anapiga simu saa mbili usiku tuongeze blanketi ya gramu 300, na farasi mzima mwenye manyoya yake ya kutosha anavumilia baridi kuliko yule aliyepiga simu akiwa kwenye sweta.

Akinyeshewa anatoa povu, au anajikuna

Povu jeupe mgongoni kwa farasi aliyesimama kwenye mvua, watu wanaogopa wakidhani ni ugonjwa. Ni sabuni yako. Hukusuuza. Pamba ya ndani inashika sabuni kama sponji, nje kunaonekana kumaliza na katikati bado, na farasi mwenye ngozi nyepesi anaota vipele ama kunyonyoka manyoya mabegani. Mvue, msuuze yeye mwenyewe, suuza blanketi mara tatu, halafu mara ya nne kwa sababu ya tatu ulidanganyika. Kama maji yenu ni ya chumvi ya kisima itakusumbua zaidi, sabuni inaganda inakuwa utandu mweupe kwenye nyuzi, hapo kusanya maji ya mvua, Limuru hayakosi.

Inanuka, au ina madoa meusi ya ukungu

Harufu ya mkojo ni amonia, inakaa sana kwenye kipande cha mkia na mikanda ya miguu ya nyuma. Siki nyeupe nusu kikombe kwenye ndoo ya suuza ya mwisho inasaidia vizuri na haigusi utando. Madoa ya ukungu hutayatoa yote, ukishaua harufu na kukausha vizuri yale yaliyobaki ni sura tu, farasi haangalii kioo.

Jiki usiweke. Inakula dawa ya nje, inadhoofisha uzi, na kuna jambo kubwa kuliko blanketi: jiki ikikutana na mkojo wa farasi inatoa gesi inayochoma mapafu, na jiki ikikutana na siki inatoa klorini. Nimemwona mtu akitoka chumba cha kufulia akikohoa machozi yanamtiririka kwa kuloweka blanketi ya mkojo kwenye jiki huku mlango umefungwa. Hiyo si ya kujaribu.

Umetumia mashine ya kufulia ikaanza kuruka kama ina mapepo

Blanketi kavu ni kilo 4 mpaka 6, mbichi ni zaidi ya mara mbili. Lakini uzito pekee si ndio unaharibu. Kitambaa kisichopitisha maji kinafanya mfuko, maji yanajikusanya ndani yake hayatoki, pipa likianza kuzunguka kwa kasi uzito wote uko upande mmoja, na hapo beringi inakwenda, saa ingine mlango nao. Manyoya nayo yanajaza chujio na pampu. Vyuma vya mikanda vinagonga pipa. Mashine ya nyumbani usithubutu, kuna ndoa zimeyumba hivyo. Ukipata ile kubwa ya dobi ya kufungua mbele, funga bizimu zote, zifunge kwenye soksi, pindua bitana nje, maji baridi, na umwambie asizungushe kwa kasi mwishoni.

Ikitoka na mabonge, pamba imejikusanya pembeni na katikati ni kitambaa kitupu, ni kuzungushwa ama kukamuliwa. Ikiwa bado mbichi itandike ubembeleze mabonge kwa vidole urudishe pamba mahali pake. Ikishakauka hivyo ni vigumu, na pale katikati farasi atasikia baridi.

Farasi ameota magaga ama duara baada ya kuvaa blanketi iliyofuliwa

Magaga yanayoinuka na kishungi cha manyoya kama brashi, mgongoni, kwa farasi aliyelowa siku nyingi, hicho ni kidudu, bakteria, kinaitwa Dermatophilus congolensis, na hilo jina lina Kongo ndani yake kwa sababu mtafiti Van Saceghem alikieleza mara ya kwanza mwaka 1915 kutoka kwa ng'ombe wa Kongo ya Wabelgiji. Kinapenda ngozi iliyolainika kwa maji, kwa hivyo blanketi inayovuja unayoiacha mgongoni wiki nzima ni shamba lake. Duara lisilo na nywele ni mashilingi, fangasi, na mbegu zake zinakaa kwenye kitambaa kwa miezi, maji ya nyuzi 30 na sabuni hayaziui. Hapo daktari wa mifugo akupe dawa ya fangasi inayoweza kuwekwa kwenye vyombo pia, vaa glavu kwa sababu unaambukizwa wewe na watoto wako, na kila farasi abaki na blanketi yake, brashi yake. Nawajua watu wenye farasi sita na blanketi nne. Hesabu haiwezi kuja vizuri.

Ni ya turubai ya pamba na imerudi ndogo

Zile nzito za zamani za kijani. Hizo hazifuliwi. Zinapigwa brashi, zinamwagiwa maji baridi, zinapakwa nta yake. Turubai ya pamba inazuia maji kwa sababu nyuzi zinavimba zikilowa zinabanana, ukiiweka kwenye maji ya moto na sabuni umeiondolea nta na umeifupisha, na farasi hatapungua ili imtoshe.

Vile ninavyofua sasa

Mara moja kwa mwaka, mwezi wa tisa baridi ikishaondoka na mvua za vuli hazijaanza. Siku zingine zote ni brashi, na hapo ndio kazi yenyewe ilipo. Tope unaliacha likauke kabisa, ukilisugua bichi unalisukuma ndani ya kitambaa, likikauka linatoka kwa kichana cha mpira kama unga wa mahindi. Bitana napiga kwa kichana hichohicho, manyoya yanajiviringisha yanatoka kama panya mdogo wa kijivu, kwa blanketi moja unaweza kujaza ndoo.

Ya mwaka naitundika kwenye ua wa mbao za mkaratusi, bitana nje kwanza. Natangulia kuangalia lebo. Nafungua mikanda yote inayotoka, ya miguu naifulia kwenye beseni peke yake, elastiki inachukia kusuguliwa. Hosipaipu kutoka juu kwenda chini, kidole gumba kimefunika nusu ya mdomo, presha inatosha hiyo. Sabuni ni ile ya kuoshea ya blanketi kama ipo, kama haipo nachukua sabuni ya kipande, nyeupe, isiyo na rangi wala manukato, nakwangua robo ya kipande kwenye maji ya uvuguvugu nakoroga mpaka iyeyuke. Hata ile Nikwax Tech Wash watu wanayoisifu msingi wake ni sabuni. Sponji kwa bitana, brashi laini kwa nje, nasugua kwa upande wa kitambaa kilivyofumwa, na pale pagumu kwenye mkia naacha povu lilale dakika kumi badala ya kuongeza nguvu. Kiwiko chako kitakuambia kikikosa subira.

Halafu suuza. Suuza inachukua muda mara mbili ya kufua, na ndio mahali watu wanachoka. Sikamui, naacha maji yachuruzike yenyewe, nikipita naibinya kwa chini na viganja.

Kukausha ni kivulini penye upepo. Jua letu la huku juu ni kali, nailoni ikikaa juani wiki inapauka na uzi unakuwa mwepesi kuraruka, saa moja mbili za asubuhi si neno. Siku ya kwanza bitana iko nje, ya pili naigeuza. Ya gramu 300 inaweza kuchukua siku nne, na unaijua imekauka pale unapoingiza mkono kwenye kona ya chini kabisa, pale maji yote yalishukia, ukibana pamba na kuiweka shavuni. Shavu linasikia unyevu ambao kidole hakiusikii.

Ndio narudia kikombe. Ikipita, bizimu tone la mafuta ya cherehani, kisha naitundika juu ya mti uliofungwa kwenye dari ya stoo, haikunjwi, haiingii kwenye plastiki, gunia tu la kitambaa juu yake kuzuia vumbi. Na waya wa kutundikia naupitisha ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, panya akishuka anateleza, maana hiyo pamba kwake ni godoro na mwaka juzi nilikuta familia nzima ndani ya bega la kushoto.